Fishi ya Ishirini na Tatu

Juzi msichana mmoja aliingia uani kwangu na tableti mkononi, jileti ya kampuni mwilini, jasho usoni. Akanisalimia vizuri, "Jambo papa," kisha akaanza: unatumia mtandao gani, unapiga mara ngapi kwa siku, unaongea na nani zaidi. Nikamuuliza, "Mwana, jina yangu unaiandika wapi?" Akanionyesha. Kisanduku cha kwanza, juu kabisa, kabla ya swali lolote. Nikamwambia akae, nikampa maji, nikamsimulia habari ya fishi, karatasi yangu ya maswali, ya ishirini na tatu. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliniomba niiandike, wenzake nao waisome. Basi njo hii.

Nilifanya kazi ya anketi zaidi ya miaka thelathini. Kampuni kubwa ikitaka kuingia mahali papya haiji yenyewe kwanza. Inamtuma mtu aulize, aangalie, ahesabu, halafu aandike ripoti: ingieni, au bakieni kwenu. Mtu huyo nilikuwa mimi, hapa Kamina, na Kaniama, na kule Mulongo kwenye maji. Niliulizia sabuni, betri, redio, baiskeli. Lakini anketi ninayoiota mpaka leo ni ile ya telefone, wakati wa Zaire, kwa sababu niliimaliza na woga, na woga ule ukaniandikia ripoti. Kuna wazee wanaowasimulia vijana ushujaa wao. Mimi sina wa kusimulia, msiungojee.

Kwanza jueni jambo moja la kazi. Mtu anayeulizwa ana uongo wa namna mbili. Wa kwanza ni ndiyo ya heshima. Nilitumwa Mulongo kuwauliza wavuvi kama wangenunua redio ndogo za betri. Nyumba ya kwanza wakanikalisha, wakanipa bukari, ugali wetu, na samaki, wakasema ndiyo, tunazitaka sana. Ya pili vilevile. Siku hiyo nilikula katika nyumba saba, nikarudi kwenye mtumbwi nimeshika tumbo kwa mikono miwili, na fishi zangu zote zinasema ndiyo. Kampuni ikatuma masanduku. Redio zikakaa stoo mpaka panya wakazaa ndani yake. Niliporudi kuwauliza wale wavuvi, mzee mmoja akanishangaa. "Weye ulikuwa mugeni," akasema. "Mugeni banamwambia hapana?"

Uongo wa pili ni hapana ya woga. Huo niliujua kwa kuchelewa.

Ilikuwa miaka ya mwisho-mwisho ya Zaire, tungali tunavaa abacost, ile suti isiyo na tai, na kila mwanaume anaitwa sitwayen, yaani raia. Kampuni moja kubwa ya teknolojia, ya ng'ambo, ilikuwa imeanza kuuza telefone zisizo na waya kule Kinshasa. Ilitaka kujua kama iingie na huku mikoani. Kamina ilikuwa kwenye orodha yao kwa sababu ya reli, na kwa sababu ya base, ambako kulikuwa na familia za askari kutoka pande zote za nchi. Wakamtuma sitwayen Mavungu, mtu wa Kinshasa, mpole, abacost yake imepigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Alifungua sanduku akanionyesha telefone yenyewe. Ilikuwa kubwa kama tofali, na nzito vilevile.

Akanipa fishi themanini na moja, zimechapwa kwa stensili. Themanini za kujaza, moja ya akiba. Aliongea Kifaransa, mimi ninawapa kwa Kiswahili. "Siku kumi," akasema. "Kisha nipe jibu moja: tuingie au tusiingie. Kama ni ndiyo, tunasimamisha mnara. Kama ni hapana, Kamina inafungwa kwenye kabati, na kabati letu halifunguliwi mara mbili."

Sasa sikieni kosa langu. Kabla ya anketi nilikuwa karani wa kuhesabu watu, na huko nilifundishwa kwamba karatasi isiyo na jina ni takataka. Fishi za Mavungu hazikuwa na mahali pa jina. Hakuniagiza kuandika jina la mtu. Mimi mwenyewe, kwa kichwa changu, niliandikia kila fishi namba kwenye pembe, na chini yake jina, avenue na kazi ya mwenye nyumba, kwa mwandiko mzuri wa kalamu. Nilijivuna nao. Nilimwonyesha hata mke wangu.

Maswali yalikuwa machache. Una ndugu mbali? Una namna ya kuwapata? Kama kungekuwa na telefone ya kuongea nao peke yenu, mwingine asisikie, ungeitaka? Someni swali la mwisho mara ya pili, na mjiweke wakati ule. Mtu anasimama mlangoni na karatasi, ameshaandika jina lako na kazi ya bwana yako, sasa anakuuliza kama una maneno ambayo hutaki wengine wayasikie. Leo ninaliona vizuri. Wakati ule niliona swali la telefone tu.

Kwenye avenue ya karibu na gare ya treni bwana mmoja alisimama wima, mikono kwenye mapaja, akasema, "Minyi niko muntu ya Parti," yaani chama, na kilikuwa kimoja tu. Nikamuuliza kama ana ndugu mbali. "Niko muntu ya Parti." Nikamuuliza kama kile kiti kina mwenyewe, maana miguu iliniuma. "Niko muntu ya Parti," akasema, na kiti akakisogeza mbali nami. Nilicheka njia nzima. Kwa nyumba iliyofuata sikucheka. Kulikuwa na mama mmoja wa familia za zamani za hapa, watu wa shamba na wa misa ya kila siku. Aliniambia hana mtu mbali, hata mmoja. Wakati ananiambia hivyo mkono wake ulipanda ukutani, ukageuza picha ya kijana aliyevaa kofia ya shule kubwa, ikatazama matofali. Niliandika hapana, nikamshukuru kwa Kiluba, wafwako.

Siku ya tatu jioni nilikuwa na fishi ishirini na mbili, zote hapana.

Ya ishirini na tatu ilikuwa ya Mama Bolumbu. Alikuwa mke wa askari, mtu wa Ekwateri, mbali kaskazini, na alikaanga mikate, ile ambayo wengine mnaita vitumbua, karibu na njia ya kuingia base. Nilimuuliza maswali, naye akaniuliza moja. "Telefone yenu, bantu benye kuwa kwa benchi hawatasikia?" Alisema benchi ya foni, redio ya parokia, nitawaeleza. Nikasema hawatasikia, hakuna benchi. Akaliondoa karai la mafuta motoni. Tangu nimeanza anketi ile hakuna aliyeacha kazi yake kwa ajili yangu.

"Basi andika ndiyo," akasema. "Andika ndiyo mara mbili. Ningeongea na mama yangu. Ningemwambia bwana yangu hayiko mission ya jeshi. Alikimbia. Tangu mvua ilianza hatujamuona. Majirani banasema nisemage iko mission, na kwa foni ninasemaga vile, mama anashukuru Mungu. Minyi ninataka kurudia kwetu, lakini nikisema nataka kurudia, batauliza juu ya nini. Ningemwambia mama ukweli, mara moja tu. Andika."

Nami nikaandika, neno kwa neno. Namba ishirini na tatu, jina lake, kambi, kikosi cha bwana yake. Nilikaa pale saa nzima nikila mikate, nimefurahi kwamba mwisho nimepata ndiyo. Kwamba nimeandika karatasi inayoweza kumpeleka mke wa askari mtoro mahali ambako watu hawarudi, jambo hilo halikunijia hata nilipokuwa ninapanguza mafuta mkononi.

Hapa lazima niwaambie foni ni nini, maana ninyi mmezaliwa na simu mfukoni. Ilikuwa redio kubwa ya kusemea, katika chumba nyuma ya parokia, na mwenye kuiendesha alikuwa Papa Kabange. Yeye njo alinifundisha kazi, ingawa hakufanya anketi hata siku moja. Unaminya kifungo, unasema, ukimaliza unasema "à vous," unaachia, na wa upande wa pili anajibu. Kabla ya zamu yako unakaa kwenye benchi na wengine, na wote wanasikia kila neno lako, na wewe lao. Habari za Kamina nzima zilipita pale. Kwa hiyo watu walijua la kusema na la kutosema. Kifo hakikusemwa kwenye foni. Hata siku moja. Walisema, "Anagonjwa kidogo, kama unaweza kuya, kuya," na benchi nzima ilielewa. Papa Kabange alikuwa anaisikia sauti tu ya mtu wa mbali ikianza kwenda polepole, na kabla sentensi haijaisha ameshasukuma kiti nyuma ya miguu ya mwenye msiba. "Kusikiliza," aliniambia, "iko kazi ya miguu. Maskio inafika nyuma."

Siku ya tisa nilikuwa nimemaliza fishi zote themanini. Sabini na tisa hapana, moja ndiyo. Saa sita mchana nilikuwa nyumbani, nina tonge la bukari mkononi, bwana mmoja wa miwani myeusi akaingia bila kubisha. Sote tulimjua. Alifanya kazi katika biro, ofisi ya usalama isiyo na kibao mlangoni. Hakukaa. Alitazama sahani, akamtazama mke wangu, akasema kwa upole, "Sitwayen, nasikia unaandikaka bantu. Ni muzuri. Saa tisa ulete makaratasi yote, tufanye kontrole kidogo." Akatoka, akafunga mlango nyuma yake kama mtu aliyelelewa vizuri.

Tonge lile lilibaki mkononi mpaka likapoa. Nataka mjue woga ule ulivyo, maana watu wanausimulia vibaya. Haukuwa wa kutetemeka, huo ulikuja baadaye. Kwanza nilisikia baridi kwenye meno. Kisha nikaanza kufikiri mambo ya kijinga, kwamba paa la jikoni linavuja na nani atalitengeneza. Mke wangu alisema neno moja, "Kimbia." Nikamuuliza kwenda wapi.

Nilichukua baiskeli nikaenda kwa Papa Kabange. Mnyororo ulichomoka njiani, nikaanguka, goti likachanika, fishi zikatawanyika barabarani na watu wakanisaidia kuziokota. Kila aliyeinama kuchukua moja nilifikiri amesoma ile.

Papa Kabange aliwatoa watu wa benchi, akasema redio imepata moto inapumzika. Akasoma fishi ya ishirini na tatu mara moja, akairudisha. "Itoe," akasema. Nikamwambia siwezi, nimezipa namba, ikikosekana moja itaonekana, na njia nzima ya base ilituona tumekaa na yule mama. Akaniuliza, "Nani alikuambia uandike namba?" "Hakuna." "Na majina?" "Hakuna." Akasema kitu kwa Kiluba ambacho sitakiandika hapa, wajukuu wangu wanasoma.

Nilikuwa na fishi moja ya akiba. Tukakubaliana: namba ileile, jina lilelile, majibu kama ya wengine wote. Nikaanza kuandika. Papa Kabange akanishika mkono. "Unaandika muzuri sana," akasema. "Mukono ya muntu iko na woga inaandikaka sawa mashine. Haribu kidogo. Fanya sawa ile siku, ulikuwa unakula." Alikuwa na haki. Nililegeza kidole, nikaacha herufi moja itoke nje ya mstari. Hapana, hapana, hapana. Halafu tukaiweka katikati ya nyingine, na tukaona wote wawili kwamba ilikuwa nyeupe mno. Zile nyingine zilikuwa na vumbi la avenue, na ile ya kweli ilikuwa na alama ya mafuta ya mikate kwenye pembe. Papa Kabange akachovya kidole kwenye sahani yake ya sombe, kisamvu cha mawese, akaigusa pembeni, akaisugua chini sakafuni kwa kiganja, polepole, kama mama anayempaka mtoto mafuta.

"Sasa ile ingine uchome," akasema, akanisogezea mbabula, jiko la makaa.

Sikuichoma. Sijui niwaeleze namna gani. Nilikuwa nimezunguka siku tisa na nilikuwa na ukweli mmoja tu. Niliikunja mara nne nikaiweka ndani ya kiatu, chini ya kisigino. Papa Kabange aliniita mpumbavu mbele ya redio yake, na alikuwa na haki hapo pia.

Saa tisa kasoro nilikuwa kwenye biro ile. Bwana wa miwani alisoma fishi moja moja, zote themanini, akilamba kidole. Hakuna sauti nyingine humo ndani ila ya ulimi wake na karatasi. Kisigino changu kilikuwa kinaungua kana kwamba nimekanyaga kaa la moto. Alipofika ishirini na tatu akasimama.

"Huyu mama," akasema. "Ulikaa kwake saa moja nzima. Hapana tatu, saa moja?"

"Nilikula mikate, shefu."

"Mingapi?"

"Kumi na miwili, shefu."

Akaondoa miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yamechoka, ya mtu wa kawaida, na hilo liliniogopesha zaidi. "Kumi na miwili," akasema, akacheka, akaigeuza fishi. Akaendelea mpaka ya mwisho. Nilipoinuka akauliza juu ya nini ninachechemea. Nikamwambia baiskeli, nikamwonyesha goti. Damu ile ilikuwa ya kweli, namshukuru Mungu kwa mnyororo mbovu.

"Bantu themanini, hapana themanini," akasema, akinirudishia. "Ni vizuri. Bantu ya Kamina hawana na siri. Na ripoti yako itasema nini?"

"Itasema hapana, shefu."

"Sema yote."

"Itasema bantu ya Kamina hawahitaji telefone."

"Sawa vile," akasema.

Nilirudi kwa Papa Kabange kumshukuru, nikamkuta amekwisha kufikiri jambo lingine. Alisema sasa Mama Bolumbu amepona, jina lake liko kwenye hapana, hakuna atakayemsumbua. "Lakini telefone anaihitaji," akasema. "Na shefu yako wa Kinshasa akisoma ile makaratasi, hataileta. Umulete hapa. Siku ya Kwanne, mbele ya kupanda ndege. Akae kwa benchi saa moja. Asiulize kitu, asiandike jina ya muntu. Ahesabu tu benye kungojea, asikie vile banaongea. Atajua yeye mwenyewe."

Vijana, kama mtasahau mengine yote, hili mlishike. Mahali penye woga usiulize. Kaa. Angalia watu wanatembea umbali gani na wanangojea muda gani kwa ajili ya kitu wanachosema hawakitaki. Baada ya mwaka ule nilifanya kazi hivyo siku zote: nilikwenda gare nikahesabu barua na vifurushi wanavyopewa wasafiri kwenye madirisha ya treni, sikumuuliza mtu jina. Miguu ya watu haikunidanganya hata siku moja. Ila juma nililofundishwa jambo hili ndilo juma nililohitaji kulitumia, na nilimwahidi Papa Kabange kwamba nitafanya.

Siku ya nne ya juma, Alhamisi, tulitoka na Mavungu katika gari la kuazima, kwenda kwenye uwanja wa ndege. Fishi zilikuwa kwenye mkoba wake. Njia inapita mbele ya parokia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri: sitwayen, tusimame kidogo, kuna kitu nataka ukione. Maneno saba. Nilikuwa nayo mdomoni.

Benchi ilikuwa imejaa. Wengine walikuwa wameketi chini ukutani, wengine wamesimama kwenye jua, pengine arobaini, na Mama Bolumbu alikuwa katikati yao na kitambaa cha kijani kichwani. Na ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka, kulikuwa na mtu amevaa miwani myeusi. Mpaka leo sijui kama alikuwa yeye. Miwani myeusi ilikuwa mingi Kamina.

Mavungu ndiye aliyeuliza. Alimgusa dereva apunguze mwendo. "Wale watu wote wanangojea nini?"

Kilichobaki kilikuwa kujibu. Nilikuwa nimeulizwa, hata maneno yangu saba hayakuhitajika tena.

"Misa, sitwayen," nikasema.

"Misa? Siku ya Kwanne, saa tano?"

"Watu wa huku wanasali sana."

Akacheka, akasema Kinshasa pia wanasali, lakini wanalala mpaka saa sita. Dereva akaongeza mwendo. Kwenye uwanja Mavungu aliniuliza mara ya mwisho, nijibu kwa maneno yangu mwenyewe, bila fishi: tuingie au tusiingie. Karatasi ilikuwa bado kwenye kiatu. Nilimwambia wasiingie. Alinishika mkono kwa nguvu, akasema mimi ni mtu wa kazi safi, hajaona fishi zilizojazwa vizuri namna ile. Kamina ikafungwa kwenye kabati. Papa Kabange hakunisemesha wiki tatu, na alipoanza tena kunisemesha hakuitaja habari ile, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Mama Bolumbu alikuwa ananiuliza kila akiniona. "Telefone yenu itafika lini?" Nilimjibu bado. Nilinunua mikate yake hata siku nisizokuwa na njaa. Hakujua kwamba niliigeuza ndiyo yake, na sikupata moyo wa kumwambia. Mwanzoni nilisema ninanyamaza ili kumlinda. Sasa ni mzee, ninaweza kusema nilikuwa ninajilinda mimi.

Fishi ile ninayo. Imekuwa njano, na mikunjo minne imekaribia kuikata vipande. Alama ya mafuta bado iko. Yule msichana wa tableti niliitoa nikamwonyesha, akaisoma akisogeza midomo, kisha bila kuniangalia akafuta jina langu kwenye kile kisanduku cha kwanza. Nikamwambia sasa aulize anachotaka.

Yamebaki maneno machache. Kiangazi kilichofuata nilikuwa kwenye benchi ya foni, nangojea kuongea na mdogo wangu wa Likasi. Nilikuwa wa tatu. Zamu ya Mama Bolumbu ilifika. Aliyeongea upande wa pili alikuwa kaka yake, na tangu neno la kwanza sauti ilikuwa inakwenda polepole. Papa Kabange aliinuka na kiti.

"Mama anagonjwa kidogo," kaka akasema. "Kama unaweza kuya, kuya. À vous."

Kiti kilikuwa tayari nyuma ya magoti yake. Hakukaa. Alishika ile maikrofoni kwa mikono miwili. Kisha akaminya kifungo.

"Mwambie mama tuko bazima," akasema. "Mwambie bwana yangu iko mission, anamusalimia sana. À vous."

Akarudisha maikrofoni mezani, akajifunga kitenge vizuri. Watu wa kwenye benchi, na hakuna aliyekuwa hajui, wakasema ni vizuri, aksanti Mungu, tuko bazima. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye benchi ile, na mimi nilisema pamoja nao.